Ukuta Wake, Mchoro wa Nani?
Mei 2012, mchoro wa Banksy ulitokea kwenye ukuta wa Poundland, duka la bei rahisi huko Wood Green, London: mtoto amepiga magoti mbele ya cherehani, anashona vibendera vya Uingereza. Februari 2013 ukuta ukakatwa, mchoro ukaibukia mnadani Miami. Wakazi wakapiga kelele, ukaondolewa. Juni ukauzwa London.

Najua, ukuta una mwenyewe, na Banksy hakuomba ruhusa. Mwenye jengo angeupaka rangi, ningenyamaza. Lakini kuuza? Zii. Yule mtoto alikuwa anamuuliza kila anayeingia dukani: hii bei rahisi, nani anailipia? Sebuleni kwa tajiri, atamuuliza nani? Mtaa ulipewa swali bure. Kuliuza ni wizi, hata kama una risiti.