Mkongwe Apige, Vijana Waimbe

Vijana wa Masasi na Newala, naanza na ombi, sababu zitafuata: mtafuteni mzee anayepiga ala katika kijiji chenu, mkamrekodi. Apige yeye, muimbe ninyi. Albamu nzima, yenye jina lake juu.

Jibu la haraka nalijua. Mzee amechoka, pumzi zimepungua, sauti imekwenda. Basi sikilizeni habari za James Cotton.

Cotton alizaliwa mwaka 1935 huko Tunica, Mississippi, katika mashamba ya pamba ya kusini mwa Marekani. Mama yake alikuwa akipiga kinanda cha mdomo, akiigiza sauti za kuku na garimoshi, na mtoto akavutwa na kile kidude kidogo kinachoingia mfukoni. Akiwa na miaka tisa akaenda kuishi na Sonny Boy Williamson, fundi aliyekuwa akimsikia redioni, akajifunza kwake. Mwaka 1954 akaingia bendi ya mwanamuziki wa blues Muddy Waters, akakaa humo miaka ipatayo kumi na miwili. Kisha, miaka ya 1990, saratani ya koo ikampokonya sauti. Mwimbaji wa blues asiye na sauti! Wengi wangekunja jamvi. Yeye akaendelea kupuliza.

Mwaka 2013, akiwa na miaka 77, alitoa albamu ya Cotton Mouth Man. Waimbaji wakaja kumwimbia: Gregg Allman, Keb' Mo', Ruthie Foster, Delbert McClinton, Warren Haynes. Majina makubwa hayo, lakini walikuja kama wageni, na mwenyeji alikuwa yule asiyeweza kuimba. Nyimbo nyingi alishiriki kuzitunga mwenyewe, zikisimulia maisha yake. Na ule wa mwisho, Bonnie Blue, aliuimba yeye kwa sauti yake iliyokwaruzika, bila kuificha. Alifariki mwaka 2017, na kazi ile imebaki.

Mpangilio ule ndio ninaowataka muuchukue. Kwetu mara nyingi mzee huitwa studio apige ngoma kidogo mwanzoni mwa wimbo, halafu mdundo wa kompyuta unamfunika mpaka mwisho. Hapana. Mzee awe nguzo ya kazi, kijana aingie kwa heshima na sauti yake mbichi.

Wala msiseme hayo ni mambo ya Wamarekani. Mwaka 1993, jijini Dar es Salaam, wanamuziki wakongwe wa bendi za zamani walikusanyika, wakapata vyombo kwa msaada wa HelpAge, shirika la kuhudumia wazee, wakaunda Shikamoo Jazz. Alikuwemo Salum Zahoro aliyevuma na bendi ya Kiko Kids ya Tabora. Walishirikiana na wanamuziki Bi Kidude wa Unguja na Fundi Konde wa Kenya, na mwaka 1995 wakafika Uingereza kupiga muziki. Walikuwa wazee waliokwisha kusahauliwa. Kilichokosekana kwao kilikuwa vyombo na mtu wa kuwaita, kwa sababu ufundi walikuwa nao siku zote.

Na huku kwenye uwanda wa juu wa Makonde, nani anathubutu kusema hatuna cha kurekodi? Ngoma ya sindimba imetoka kwetu ikachezwa nchi nzima. Tuna mapiko, ngoma ya vinyago; tuna dimbila, marimba yetu. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alitoka Lindi kwa miguu na wapagazi, akapita Masasi mpaka Newala, akiwa na mashine ya kunasa sauti kwenye silinda za nta. Aliwanasa babu zetu wakiimba, sauti zao zikasafiri hadi Ujerumani. Mgeni alibeba mzigo wote ule porini. Wewe una simu mfukoni, na mzee yuko nyumba ya tatu kutoka kwenu!

Masasi ina jambo jingine la kutupa moyo. Trevor Huddleston, aliyekuwa askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968, ndiye ambaye kabla ya hapo alimpatia Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza kule Johannesburg, Masekela akiwa kijana wa miaka 14 tu. Tarumbeta moja, na Afrika ikapata mpulizaji aliyesikika dunia nzima.

Sasa kazi yenyewe. Mkifika studio, mwacheni mzee apige kwanza peke yake, kwa mwendo wake, toka mwanzo hadi mwisho. Msimlazimishe afuate mapigo ya mashine. Ninyi ndio mtamfuata. Nyimbo za jando na unyago ziulizieni kabla, maana nyingine si za kutolewa hadharani, na akina bibi na makungwi wakikataa, limekwisha. Kubalianeni mgawo wa mapato kwa maandishi, jina la mzee litangulie, kisha kazi isajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na mlipeni siku ileile. Asiambiwe asubiri wimbo uvume.

Wazee wetu, shikamooni. Nanyi msijifiche nyuma ya umri. Kijana akibisha hodi, mkaribisheni, na akikosea mrekebisheni palepale. Mnachokijua hakimo katika kitabu chochote.

Fedha? Minada ya korosho kwa kawaida huanza Oktoba, na malipo ya wakulima hupitia vyama vyao vya ushirika (AMCOS). Vijana kumi wakichanga kidogo kila mmoja kutoka mauzo ya nyumbani kwao, siku moja ya studio ya mtaani mjini Masasi au Newala inapatikana. Kwa hiyo msingoje mfadhili. Wiki hii nendeni kwa mzee, mumsikilize akipiga, mpange naye tarehe.