Magharibi ya Dar si Magharibi ya Mwanza

Wapo ndugu zetu hapa Mwanza ambao Ramadhani ikiingia hufuturu kwa redio. Ikisikika adhana ya Dar es Salaam, tende mdomoni. Ukiwauliza, watakujibu kwa kujiamini: Magharibi imeshaingia, hukusikia?

Magharibi ipi? Neno hili twalitumia kwa upande linakozama jua, kwa wakati wa kuzama kwake na kwa swala ya wakati huo. Wazee wetu walikuwa pia na kuchwa, lililotuzalia machweo. Yote yanalitazama jua. Hakuna hata moja linaloitazama redio.

Tupige hesabu. Dar ipo kwenye nyuzi 39 Mashariki, sisi kwenye 33, na kila nyuzi ni dakika 4. Kwa hiyo Dar wakifuturu, sisi tumebakiwa na dakika kama 25, zikizidi au kupungua kwa msimu. Simama Capri Point saa hiyo: jua lipo juu ya ziwa, unaliona. Hata wavuvi wa dagaa hawawashi karabai kwa kuwa Dar kumekuchwa.

Saa zetu nazo zimepimwa kwa nyuzi 45, mstari unaopita Somalia wala haugusi Tanzania. Ndiyo maana saa 12 jioni Mwanza ni mchana mweupe. Na humo mna haki za watu: tajiri anayemweka kibarua "mpaka jua litue" kisha akamlipa kwa hesabu ya saa 12, amemla nusu saa na zaidi ya jasho lake.

Wengine husema tufuturu pamoja kwa ajili ya umoja. Basi ndugu zetu wa Kigoma, ambao jua lao huzama baada ya letu, wafuturu na nani?

Aya ya 187 ya Suratul Baqara imeamrisha saumu itimizwe hadi usiku. Katika Sahihi Bukhari, Bi Asmaa bint Abubakar anasimulia kuwa zama za Mtume (s.a.w.) walifuturu siku ya mawingu, kisha jua likatokeza. Wanazuoni walio wengi wanasema mtu wa namna hiyo ailipe siku ile. Na wale walizibwa na mawingu! Wetu wamezibwa na nini?

Aliyefuturu hivyo Ramadhani iliyopita, na azihesabu siku zake, amuone imamu wake kabla Shaabani haijamalizika.