Twende na Watoto Kwenye Maigizo

Mtoto aliyezoea runinga hajui kwamba mwigizaji wa jukwaani anamsikia. Akicheka, mwigizaji husubiri kicheko kipite ndipo aendelee. Hapo mtoto hutambua kuwa naye ana sehemu katika hadithi. Penina Muhando na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliiamini nguvu hiyo ya maigizo: mwaka 1996 walianzisha mradi wa Tuseme, wasichana wa sekondari wakaigiza yanayowakwamisha kimasomo. Ni kweli, Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa, ni mbali na kwetu Rungwe. Lakini shule ya jirani ikiandaa igizo, baba, mama na bibi, nendeni pamoja na watoto. Mkirudi, waulizeni: “Wewe ungefanyaje?” Kisha wasikilizeni hadi wamalize.