Mashine Yenye Meno

Waswahili walishasema: kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Kwa wembe mrefu ulio wazi, methali hiyo ina haki yake. Kioo kinachanganya kulia na kushoto, mkono unazunguka mahali usipopazoea, na ngozi iliyo chini ya taya mwenyewe haioni vizuri. Katika karne ya 18, fundi wa visu wa Ufaransa aitwaye Jean-Jacques Perret alijaribu kuwatoa wanaume katika kumtegemea kinyozi. Aliandika kitabu kizima cha kufundisha mtu kujinyoa mwenyewe, akatengeneza na wembe uliowekewa kinga ya mbao ili usizame mwilini. Mashine zote za kunyolea zilizofuata zimeendeleza ubishi huo kati ya Perret na methali.

Mashine inayozungumzwa hapa si ile ya umeme inayonguruma katika vibanda vya vinyozi. Ni ndogo ya mkononi, ya vipande 3 vya chuma: mpini, sahani ya chini na kifuniko. Wembe wenye makali pande mbili, ule ule unaouzwa dukani ukiwa umekunjwa ndani ya karatasi, hulazwa kati ya sahani na kifuniko, kisha mpini huzungushwa mpaka vyote vibanane. Nyingi za siku hizi zina sahani yenye ukingo mnyoofu usio na pengo. Za zamani, na chache za leo, zina sahani yenye meno kama ya kitana.

Meno hayo huwatisha watu. Anayeyaona mara ya kwanza hudhani ndiyo yanayokata, na hujiuliza ni nani aliye tayari kupitisha reki ya chuma shavuni kila asubuhi. Kumbe meno hayakati chochote. Kazi yake ni kushika ngozi isije mbele ya wembe, na kuacha nafasi ambamo povu na ndevu ndefu hupita mpaka kwenye makali bila kulazwa chini.

Nafasi hiyo ilikuwa na maana kubwa enzi ambazo wanaume wengi hawakunyoa kila siku. Ndevu za siku 4 au 5 zikikutana na ukingo mnyoofu hulala, na wembe hupita juu yake. Zikikutana na meno huchanwa, husimama, hukatwa. Ndugu wa ukoo wa Kampfe waliokuwa New York walipata hataza ya wembe wenye kinga mwaka 1880, ila wembe wao ulikuwa mnene na ulihitaji kunolewa. Aliyeleta wembe mwembamba wa kutupwa ni King Camp Gillette, mchuuzi msafiri aliyekuwa akiuza vizibo vya chupa. Wazo lilimjia mwaka 1895. Wajuzi wa chuma walimwambia chuma chembamba namna hiyo hakiwezi kunoleka, na ikabidi apatikane mhandisi William Nickerson, aliyesoma chuo cha MIT, kuonyesha kwamba kinaweza. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa mauzo, ziliuzwa mashine 51 na nyembe 168. Mwaka uliofuata mashine zilifika 90,884. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaita Wamarekani, mashine milioni 3.5 ziliandaliwa kwa ajili ya askari wao, na vijana wengi wakarudi nyumbani na tabia ya kujinyoa.

Mashine hizo zilikuwa na meno. Na hapa ndipo swali la ulaini linapoanza, kwa sababu neno lenyewe linabeba mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

Kuna ulaini wa wembe unapopita, na kuna ulaini wa kidevu baada ya wembe kupita. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Mashine inaweza kuteleza shavuni kama kitambaa cha hariri na kuacha nusu ya kazi bila kufanywa. Mwenye nayo atarudia mara 4, na kila marudio yatachuna ngozi kidogo. Nyingine inaweza kuusikisha wembe mwilini kila inapoguswa, ikafanya mtu ashike pumzi, na bado ikamaliza kazi kwa mapito mawili na kuacha ngozi imetulia. Anayeuliza ni ipi laini zaidi hana budi kwanza aseme anauliza ulaini upi.

Kwa waliozijaribu nyingi, jibu halimo katika kuwepo au kutokuwepo kwa meno. Limo katika vipimo vya sehemu ndogo sana za milimita: mwanya ulioachwa kati ya makali na meno, kiasi ambacho makali yametokeza nje ya mstari wa kifuniko na sahani, na jinsi wembe ulivyobanwa. Hili la mwisho husahaulika, nalo ndilo lenye uzito kupita mengine. Wembe una unene wa takriban milimita 0.1. Ukibanwa mbali na makali, ncha yake hutetemeka inapokutana na ndevu ngumu, na mtetemo huo ndio mtu anaousikia kama mkwaruzo. Ukibanwa karibu na makali, hutulia.

Gillette wenyewe walilitambua hilo mapema. Hataza yao ilipokwisha mwaka 1921 walitoa mashine mpya, bado yenye meno, lakini sahani yake ilipewa bega lililoinuka ili kuushika wembe karibu na makali. Ukiishika ile ya kwanza mkono mmoja na hii ya 1921 mkono mwingine, macho hayaoni tofauti kubwa. Shavu huiona tangu pito la kwanza. Ya kwanza ni nyepesi na ya upole, ila wembe wake hutegemea sana jinsi mpini ulivyokazwa: ukikazwa kabisa, wembe hupinda na kusogelea meno, ukilegezwa kidogo, makali huinuka na mashine huwa kali. Ya 1921 haitaki michezo hiyo. Inakata, na inakata kwa utulivu.

Mashine za leo zenye meno zinatofautiana zaidi kuliko hizo za zamani. Merkur ya Solingen, mji wa Ujerumani wenye jina katika visu na nyembe, hutoa moja yenye meno ambayo ni ya upole kiasi cha kumfaa anayeanza. Mühle, kutoka kijiji cha Stützengrün huko Saxony, wanayo R41, yenye meno mafupi na makali yaliyotokeza. Sifa yake ni ukali, na wanaoipenda huipenda kwa sababu hiyo hiyo. Fatip ya Premana, mji wa mafundi wa mikasi na visu kaskazini mwa Italia, imekaa katikati ikielekea upande wa ukali. Zote hizi zina meno. Basi anayesema mashine ya meno ni kali, au ni laini, ni kama anayesema samaki wana ladha moja.

Mwandishi wa safu hii anatumia mashine ya zamani ya meno, ambayo mpako wake wa nikeli umebabuka hadi shaba ya ndani inaonekana shingoni. Kwa miezi mingi aliona hakuna iliyo laini kuipita. Asubuhi moja ilimponyoka mkononi, ikaangukia ukingo wa sinki. Hakuona tatizo lolote, akaendelea kunyoa, na kwa siku 3 mfululizo shavu la kushoto likawa linawaka huku la kulia likiwa salama. Alibadilisha wembe, akabadilisha na sabuni. Shavu la kushoto likaendelea kuwaka.

Siku ya 4 aliiinua mashine dirishani, jua likiwa nyuma yake. Kati ya makali na meno kunapaswa kuonekana uzi mmoja wa mwanga, ulionyooka, wenye upana ule ule kutoka mwanzo hadi mwisho. Uzi ule ulianza vizuri, ukafika jino la pembeni kabisa, ukapanuka kama mdomo wa faneli. Jino moja lilikuwa limepinda kwa kiasi ambacho kidole hakingeweza kukigundua. Alichukua koleo, akalifunga kitambaa mdomoni, akalirudisha jino taratibu, akiangalia dirishani kila baada ya kubinya. Kisha alipitisha nyuzi za pamba juu ya meno yote: jino lenye kibanzi hunasa pamba. Lile lilinasa mara mbili, likasuguliwa kwa msasa laini, likaacha kunasa. Mpaka leo lina mstari mdogo mahali lilipopinda.

Kwa miaka mingi mafundi walikuwa wakipambana na ajali kama hiyo. Mashine ya Gillette ya mwaka 1930, nayo ya meno, ilikatwa pembe zake, na nyembe zake zikakatwa pembe vilevile, kwa kuwa mashine zilizoanguka zilikuwa zikipinda pembeni na kuukalisha wembe upande. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kampuni ikaleta sahani yenye ukingo mzima, na meno yakaanza kutoweka. Uamuzi huo unaeleweka. Ukingo mzima huvumilia sinki, na huvumilia mkono wenye haraka. Ila kilichopotea ni ile hali ya kujua, kila asubuhi, kwamba chombo ulichokishika kinaweza kudhurika kwa uzembe wako.

Mwaka 2020 watafiti wa MIT, chuo kile kile cha Nickerson, walichapisha katika jarida la Science uchunguzi kuhusu jinsi unywele unavyoharibu wembe. Mmoja wao, Gianluca Roscioli, alianza kwa kujinyoa mwenyewe na kupeleka nyembe zake chini ya hadubini. Unywele ni laini kuliko chuma cha wembe kwa karibu mara 50, na bado makali yalikuwa yamemeguka vipande vidogo vidogo. Mengi yalitegemea kuinama. Unywele ulioachwa huru uiname mbele ya makali ndio uliokuwa hatari kwa chuma; uliokutana nayo wima haukuyadhuru. Anayetia maji na povu kwa dakika 2 au 3 kabla ya kuanza, unywele ukanywa maji na kulainika, anauhurumia wembe kama anavyoihurumia ngozi. Methali ya mwenzako akinyolewa wewe tia maji ilisemwa kwa maana nyingine, lakini mtu anayejinyoa anaweza kuifuata neno kwa neno.

Kuna jambo jingine, nalo linawagusa zaidi wenye ndevu za kujisokota. Unywele wa namna hiyo ukikatwa karibu mno na ngozi hurudi ndani, na ncha yake iliyochongeka huchimba upya. Ndivyo vipele vya ndevu ambavyo wanaume wengi wa Kiafrika wamevizoea shingoni wakidhani ni uchafu wa kinyozi. Miongoni mwa wanaume weusi wa Marekani makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kati ya asilimia 45 na 83, na jeshi la nchi hiyo kwa miaka mingi lilitoa ruhusa maalumu ya kutonyoa kwa askari wenye tatizo hilo. Mashine za nyembe pacha, zilizoanza kuuzwa mwaka 1971, zilitangaza ulaini kwa hoja ya wembe wa kwanza kuvuta unywele na wa pili kuukata chini zaidi. Kwa udevu ulionyooka hoja hiyo ina faida. Kwa udevu wa kujisokota ni mwaliko wa kipele. Mashine ya wembe mmoja, yenye meno au isiyo nayo, hukata unywele pale ulipo, na kwa ngozi hizi hiyo ni neema.

Kwa hiyo ulaini wa kupindukia, ule wa kidevu kisicho na mkwaruzo hata ukipapaswa kuelekea juu, kwa shingo nyingi za Afrika ni deni linalolipwa baada ya siku 2. Ni kweli pia kwamba ni vigumu kuuacha. Kidole kikipapasa na kukuta kibanzi kimoja cha ndevu, mkono wenyewe hurudi kwenye wembe.

Kinyozi mmoja mzee, aliyeanza kazi kwa wembe wa mkononi kabla umeme haujafika mtaani kwake, aliwahi kuiomba ile mashine ya meno ya mwandishi aiangalie. Aliipima kiganjani, akashika mpini mwishoni kabisa kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kijiti cha udi kinachowaka.

"Mwanangu, chuma hiki kina uzito wake," alisema. "Wewe usiongeze wa kwako. Halafu sikiliza."

Akaipitisha kwenye shavu lake lililolowa, kutoka sikioni kwenda chini, akifuata ndevu zilivyolala. Sauti ilisikika, kavu na ya haraka, kama ya mtu anayepaa dagaa wakubwa kwa kisu. Ilipofika kwenye kona ya taya ikanyamaza. Hapo ndevu zilikuwa zimegeuza mwelekeo, na mzee akageuza mkono pamoja nazo, sauti ikarudi. Alifanya mapito mawili tu. Alipomaliza alipapasa shingo kwenda chini, kisha kwenda juu, akaachia mkono palepale ulipokutana na mkwaruzo kama wa ulimi wa paka. Hakuurudia. Alisugua jiwe la shabu lililolowa, akafungua mashine, akasuuza meno yake kwa maji ya kopo, akavipanga vipande vyote 3 juu ya taulo vikauke.