Je, Kumwandikia Mwenzako Ni Kumsaidia?

Mwaka jana rafiki yangu aliniomba nimwandikie insha ya Kiingereza. Yeye alikulia Buyenzi, mjini Bujumbura, akasoma kwa Kifaransa. Mimi nimesoma Rwanda, kwa Kiingereza tangu utotoni. Ilikuwa saa nne usiku na insha ilitakiwa asubuhi. Nikaandika. Akapata alama nzuri, akaninunulia chai na maandazi. Je, nilimsaidia?

Wapo watakaosema ndiyo, na hoja yao si dhaifu. Hapa Rwanda lugha ya kufundishia ilibadilishwa kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza kwa uamuzi wa mwaka 2008. Walimu wengi walilazimika kujifunza lugha hiyo huku wakifundisha kwayo. Mwanafunzi hakuulizwa. Ikiwa mlango umetiwa kufuli asilolichagua, kuna ubaya gani mwenye ufunguo kumfungulia? Isitoshe, tumelelewa kwamba aliye nacho humpa asiye nacho.

Nilikubaliana na hoja hiyo hadi siku ya mtihani wa kuzungumza. Rafiki yangu alitaka kusema kwamba alihudhuria masomo yote. Akatumia neno "assist", kwa sababu kwa Kifaransa "assister à un cours" ni kuhudhuria somo. Lakini kwa Kiingereza "assist" ni kusaidia. Mtahini akamuuliza, "Ulimsaidia nani?" Akanyamaza. Hakuelewa hata swali limetoka wapi.

Kosa hilo lilikuwa ndani yake muda wote. Kama angeandika insha mwenyewe, huenda lingejitokeza, mwalimu akalipigia mstari mwekundu, naye akalirekebisha bila aibu. Mimi nililificha. Nilimpa alama, nikamnyang'anya kosa lake.

Jambo lililoniumiza zaidi ni kukumbuka jinsi yeye anavyonifundisha Kiswahili. Nikiandika "kitabu yangu", hanifutii. Huuliza tu: "Kitabu ki au kitabu i?" Kisha husubiri, hata dakika nzima, mpaka niseme mwenyewe "kitabu changu". Zamani niliona anachelewesha kazi. Kumbe alikuwa ananiheshimu: aliamini kwamba naweza. Mimi nilipomwandikia, nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba yeye hawezi.

Kwa hiyo naona kipimo cha msaada ni hiki: kesho, niliyemsaidia atanihitaji zaidi au atanihitaji kidogo? Mwenye ufunguo akifungua mlango mmoja na kuondoka, mwenzake atakwama kwenye mlango wa pili, naye atakuwa peke yake.

Simaanishi kwamba kosa lote ni la wanafunzi. Pale ambapo kila kosa hukatwa alama na kuchekwa, mwoga ataomba kuandikiwa. Walimu wetu wakitupa nafasi ya kuandika rasimu moja isiyo na alama, wengi wataleta makosa yao wenyewe.

Nilimwomba rafiki yangu msamaha. Akacheka, akasema kosa ni letu sote. Siku hizi tunakaa meza moja jioni. Yeye anaandika Kiingereza, mimi naandika Kiswahili. Nikiona neno limekosewa, naweka nukta ndogo chini yake tu, bila kusema. Kazi huchukua muda mrefu kuliko zamani, na alama zake zimeshuka kidogo. Lakini ni zake.