Hata Kanisani Tena?



Majuma matatu yaliyopita tuliweka karatasi kwenye meza ya chai. Vijana wetu wanataka timu ya mpira wa kikapu, na tumepata mahali pa kuchezea kila Jumamosi asubuhi. Karatasi ilikuwa na sehemu mbili za kujiandikisha: kocha, na kocha msaidizi. Watu walipoanza kuondoka, sehemu ya kocha ilikuwa na majina manne. Sehemu ya msaidizi ilikuwa tupu. (Mmoja wa wale wanne hajawahi kuushika mpira huo maishani mwake, lakini tunamshukuru kwa moyo wake.)

Tukamwendea ndugu mmoja aliyecheza vizuri sana alipokuwa shuleni kule nyumbani, tukamwomba aandike jina pale kwa msaidizi. Alitikisa kichwa. Akasema, "Wiki nzima mimi ni msaidizi. Hata kanisani tena?" Waliokuwa karibu walicheka. Yeye hakucheka.

Neno lile tumerudi nalo nyumbani. Lilikuwa rahisi kumjibu palepale kwa mstari mmoja wa Maandiko juu ya unyenyekevu, na yamkini angenyamaza kwa heshima. Lakini mtu kunyamaza si sawa na mtu kujibiwa. Ndugu yetu anauliza jambo ambalo wengi wetu tunajiuliza tukiwa kwenye gari saa kumi na mbili asubuhi baada ya zamu ya usiku: je, maisha ya kumsaidia mwingine afanye kazi yake ni maisha pungufu?

Kwa kuwa swali limetokea kwenye mpira wa kikapu, tulitafakari kwa huohuo mpira. Tunaishi North Carolina, na hapa mchezo huu ni kama dini ya pili. Watoto wetu wanavaa fulana za buluu ya mbingu zenye namba 23 ya Michael Jordan, na jina la kocha wake wa chuo, Dean Smith, wanalijua, maana ukumbi mkubwa wa michezo pale Chapel Hill unaitwa kwa jina lake. Waulize Bill Guthridge ni nani. Wengi watakutazama tu.

Guthridge alizaliwa mwaka 1937 huko Parsons, Kansas. Alichezea Kansas State chini ya kocha Tex Winter, akamaliza chuo mwaka 1960, na baadaye akarudi kuwa msaidizi wa Winter. Mwaka 1967 Dean Smith, ambaye naye ni mtu wa Kansas, alimchukua awe msaidizi wake Chapel Hill. Akakaa katika nafasi hiyo miaka 30. Hebu ihesabuni kwa maisha yenu wenyewe: mtoto anazaliwa, anasoma, anaoa, anapata mtoto wake, na wewe bado ni msaidizi wa mtu yuleyule. Alishughulika na wachezaji warefu na namna ya kutupa mpira kikapuni, kazi ya kurudia jambo moja mamia ya mara mpaka mkono ulizoee. Chuo kilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1982 na tena mwaka 1993. Mwaka 1976 alikwenda na Smith kwenye Olimpiki ya Montreal, Marekani ikapata dhahabu, naye alikuwa msaidizi huko pia.

Smith alipostaafu Oktoba 1997 alikuwa na ushindi 879, mwingi kuliko wa kocha yeyote wa vyuo vikuu wa daraja lake mpaka siku ile. Sehemu kubwa ya ushindi ule ulipatikana Guthridge akiwa ameketi kwenye benchi lilelile. Katika kitabu cha kumbukumbu yote imeandikwa kwa Smith. Hakuna aliyedhulumu, ndivyo vitabu vinavyoandikwa. Msaidizi hana safu yake.

Mtu akituambia kwamba Guthridge alibaki pale kwa sababu hakuitwa kwingine, hajui habari yenyewe. Mwaka 1978 Penn State walimtaka awe kocha wao mkuu. Alikaribia kabisa kwenda, kisha akabadili mawazo, akabaki Chapel Hill miaka mingine 19. Wala haikuwa kwamba kuondoka ni usaliti. Roy Williams, msaidizi mwenzake, alikwenda Kansas mwaka 1988 kuwa kocha mkuu, na hakuna aliyemlaani. Miaka mingi baadaye alirudi Chapel Hill na kuleta ubingwa mara tatu. Mmoja alibaki, mwingine aliondoka, na wote wawili walifanya vema.

Na je, alikuwa msaidizi kwa kuwa hakuweza zaidi? Smith alipoondoka, Guthridge alipewa timu akiwa na miaka 60. Msimu wa kwanza alishinda michezo 34 akapoteza 4, akafika kwenye timu nne za mwisho za taifa, akachaguliwa kocha bora wa mwaka. Msimu wa pili walitolewa mapema na Weber State, chuo ambacho wengi hapa hawakuwa wamekisikia. Msimu wa tatu ulikuwa mgumu, walipoteza sana, na mashabiki wakalalamika kama Waisraeli jangwani. Timu ileile iliyolalamikiwa ikafika tena kwenye nne za mwisho. Ushindi 80 katika misimu mitatu, kisha akastaafu mwaka 2000. Kwa hiyo uwezo alikuwa nao miaka yote. Aliuweka chini ya jina la mwingine.

Hapa sisi wauguzi tuna la kusema, kwa sababu hospitalini tunaishi na jambo hili. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kitandani anatakiwa kugeuzwa mara kwa mara, usiku kucha, wengine kila baada ya saa mbili. Asipogeuzwa, ngozi ya makalio na visigino inaanza kufa, na kidonda kile kinaweza kufika kwenye mfupa. Kazi ya kugeuza mara nyingi ni ya msaidizi wa muuguzi. Sasa fikirini: akiifanya vizuri, nini kinaonekana? Hakuna kitu. Ngozi nzima. Familia inakuja asubuhi, inamshukuru daktari, inamshukuru pengine muuguzi, nayo haijui kwamba kuna mama wa Kiburundi aliyeingia chumbani mara nne usiku akamgeuza baba yao pole pole asimwamshe. Kazi nzuri ya namna hii haiachi alama. Mbaya tu ndiyo inayoacha.

Tunaposema hivyo hatumpambi mtu. Tunasema kwamba ngozi ile ni nzima kweli, iwe kuna aliyeona au hakuna. Wema wa kazi uko kwa yule aliyefanyiwa. Kwa hoja hiyo tungemwambia ndugu yetu: hapana, maisha ya msaidizi si pungufu, yule mchezaji aliyejifunza kutupa mpira alijifunza kweli, haidhuru kikombe kiliinuliwa na nani.

Lakini hatuwezi kuishia hapo, maana tungekuwa tumemdanganya nusu. Guthridge alibaki kuwa wa pili baada ya mlango wa kuwa wa kwanza kufunguliwa mbele yake. Ndugu yetu hakufunguliwa mlango. Ana digrii. Nyumbani alikuwa na ofisi na watu wa chini yake. Hapa vyeti vyake vilitazamwa vikarudishwa. Wengi wetu tuliokuja na uuguzi wetu tulifanya kazi ya usaidizi kwa miaka kabla ya karatasi kukubaliwa na mtihani wa leseni kupita, na wako dada zetu humu ambao bado wanasubiri huku wakipokea maagizo kutoka kwa watu waliozaliwa wao wakiwa tayari wodini. Kumhubiria unyenyekevu mtu aliyenyimwa nafasi ni kosa. Unyenyekevu ni wa mtu mwenye kitu cha kuweka chini. Aliyepokonywa tumsaidie kwanza apate haki yake, tujaze naye fomu, tumlindie watoto ajiandae kwa mtihani. Tukimpa mahubiri peke yake tunakuwa upande wa waliomnyima.

Tunakiri pia kwamba hata kuchagua kuwa wa pili si wema kila mara. Wengine tunajificha nyuma ya wenzetu kwa woga. Tunaita woga wetu unyenyekevu, na kanisa linatusifu! Alama moja inayosaidia kutofautisha ni hii: msaidizi wa kweli yuko tayari kupingana na mkubwa wake jambo likiwa la maana. Barnaba ndiye aliyemtafuta Sauli Tarso akamleta Antiokia. Mwanzoni Kitabu cha Matendo kinawataja Barnaba na Sauli. Kidogo kidogo majina yanageuka, inakuwa Paulo na Barnaba, na hatusomi popote kwamba Barnaba alinung'unika. Lakini Paulo alipokataa kumchukua tena Yohana Marko, kijana aliyewaacha njiani, Barnaba alisimama. Walishindana sana mpaka wakatengana. Nafasi yake mbele ya watu aliiachilia bila neno, ila kijana hakukubali kumwachilia.

Liko na jukumu la aliye mbele. Dean Smith aliwafundisha wachezaji wake desturi ndogo: ukifunga, kabla hujarudi kulinda, unamnyooshea kidole mwenzako aliyekupa pasi. Leo wanafanya hivyo watoto wa kila mahali bila kujua ilikotoka. Ni jambo la sekunde moja na halimpunguzii mfungaji pointi. Tujiulize kwa haki ni lini tulifanya hivyo hapa. Sherehe ya mavuno mwaka jana tuliwataja kwa majina wasemaji wote, na waliopika tangu saa nane usiku tukawaita "kamati ya jikoni." Mzee mmoja ameshika mlango wa kanisa hili tangu tulipokuwa tunakodi darasa la shule, na tulipoandika historia ya usharika, sisi tunaoandika ukurasa huu, hatukumtaja. Tumeshamwomba radhi. Labda watu wanakimbia sehemu ya msaidizi kwenye karatasi kwa sababu wametuona tunavyowatendea wasaidizi.

Dean Smith alifariki Februari 2015, na Guthridge akamfuata Mei mwaka huohuo.

Jumapili iliyopita tulirudi kwa ndugu yetu. Hatukumhubiria. Tulimwambia alichosema ni kweli, na tukamwomba jambo jingine: wale wanne wa sehemu ya kocha watakutana Jumamosi, na hakuna kati yao anayejua mchezo kama yeye, basi aje awasikilize, kisha achague mwenyewe anataka nafasi gani, ya kwanza au ya pili, au asitake yoyote. Alisema atafikiri. Mkewe, ambaye hufanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, alituuliza vijana wanaanza saa ngapi, kwa sababu anatoka kazini saa moja na anaweza kupitia pale na maji ya kunywa.

Wanaanza saa tatu. Karatasi bado iko kwenye meza ya chai, kalamu imefungwa kwa uzi.