Habari Iliyomo Katika Nguo

Watu wa Meru, chini ya Mlima Kenya, wana hadithi ya asili yao ambayo yatupasa sisi watu wa pwani tuisikilize kwa makini, maana tumo ndani yake. Husema kwamba wazee wao walikaa Mbwaa, kisiwa cha baharini. Na wapo wasemao kuwa ndicho Manda, jirani ya Lamu. Huko walitumikishwa, wakakalifishwa mambo yasiyowezekana, kama kutengeneza kiatu cha ngozi chenye manyoya ndani na nje. Mwisho wakatoroka, wakavuka maji, wakashika njia ya bara. Waliovuka usiku wakawa koo nyeusi, waliovuka alfajiri koo nyekundu, na waliovuka jua limekwisha kutoka koo nyeupe.

Na mabwana wao je, waliitwa nani? Hadithi yawaita Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu. Basi! Kati ya yote waliyokuwa nayo watu hao, kilichobaki katika kumbukumbu ya waliowakimbia ni kitambaa.

Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Aaraf, yataja kuwa mavazi husitiri na hupamba. Katika huko kupamba wanadamu wamezua kazi nyingine, nayo ni kutoa habari. Mwenye nguo nyekundu bila shaka alidhani nguo yake yasema: huyu ni mtu mwenye cheo. Aliyetumikishwa akasoma: huyu ndiye anitesaye. Na habari iliyodumu ni hiyo ya msomaji.

Wala tusiseme hayo ni ya kale mno. Katika miji yetu wenyewe, kabla utumwa haujapigwa marufuku, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, mtumwa alijulikana kwa kichwa kisicho kofia na miguu isiyo viatu, na mjakazi kwa kaniki yake. Mbwaa kiatu kiliamrishwa, kwetu kikakatazwa. Na amri zote mbili zilikuwa na maana moja. Walipopata uhuru, wengi waliharakia kanzu, kofia na kanga. Aliyeliona hilo kuwa ni kiburi hakujua kusoma.

Swali ni hili: je, mtu ataulizwa kwa habari ambayo vazi lake limeitoa bila yeye kuikusudia? Wengine watajibu kuwa amali huhesabiwa kwa nia. Naam, mbele ya Mola wake. Ama mbele ya jirani, naona mtu huhukumiwa kwa mkono uliotokea ndani ya kanzu. Wekundu hauna dhambi; Wameru hawakukimbia rangi, walikimbia waliyoivaa, kisha rangi ikawa jina lao.

Leo wako ndugu zetu wanaopanda kwenda Meru na Embu kwa biashara, kanzu mwilini na kofia kichwani. Mteja aingiapo dukani huitazama kofia kwanza, kisha huitazama mizani.